Kiti Kisicho na Mwenzake

Mbunge anasimama, kitabu cha Kanuni za Kudumu kikiwa wazi mkononi, kidole kimeshika mstari. Anaomba mwongozo wa Spika. Upande wa pili wa ukumbi kuna wanaozomea na kuna wanaopiga meza. Spika hajibu papo hapo. Anainama mbele kidogo, na katibu aliyeketi mezani, chini ya kile kiti kirefu, anageuka, anainuka nusu, anamnong'oneza maneno mawili matatu na kumwonyesha ukurasa. Ukumbi unasubiri. Kisha uamuzi unatolewa, na kwa siku ile uamuzi huo ndio sheria ya mjadala. Mnong'ono ule hauingii kwenye Taarifa Rasmi, wala msikilizaji wa redio hausikii. Lakini ndani yake limo swali lililowahangaisha watu wa dini na wa falsafa tangu zamani: mtu aliyewekwa kuamua kati ya watu wake mwenyewe, tena baadhi yao ndio waliompa kiti na wengine ndio waliomnyima kura, anajifunzia wapi kutopendelea? Na akiteleza, nani wa kumwambia?

Jibu ninalotaka kulitetea ni kwamba hawezi kujifunza nyumbani peke yake. Kutopendelea ni tabia inayohitaji jicho la mtu wa nje, mtu asiye na chama wala jimbo wala ndugu katika ugomvi ule. Kwa sababu hiyo ushirikiano wa maspika na makatibu wa mabunge ya nchi mbalimbali, ambao wengi huuona kama safari za wakubwa na picha za pamoja, kwangu ni sharti la kimaadili la kazi yao. Pia nasema kwamba ushirikiano huo ukigeuka urafiki wa kutunziana heshima, unapoteza kile kile kilichoufanya uwe wa lazima. Mambo haya mawili hayapatani kwa urahisi, na sehemu kubwa ya makala hii ni kujaribu kuyabeba yote kwa pamoja.

Tuanze na upweke wa kile kiti. Waziri ana mawaziri wenzake. Jaji ana majaji wenzake, na juu yake ipo Mahakama ya Rufani itakayomsahihisha. Mwalimu ana chumba cha walimu. Spika anaongoza watu mamia, wala hakuna hata mmoja kati yao anayefanya kazi anayoifanya yeye. Naibu wake humpokea kiti, lakini naibu naye yumo katika siasa zile zile, na huenda anakitamani. Kenya ina Seneti kando ya Bunge la Taifa, na Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi kando ya Bunge la Muungano. Walau pale spika anaweza kupata jirani, ingawa jirani huyo ana mamlaka tofauti na mara nyingine wanagombea mpaka. Kwa Katibu wa Bunge hali ni hiyo hiyo. Anajua kanuni kuliko wote ukumbini, na kwa hiyo hana wa kumuuliza. Kinyozi hajinyoi, wamesema wahenga, na katika mji wenye kinyozi mmoja lazima nywele zake zikatwe na kinyozi wa mji mwingine.

Kisa cha kale kabisa ninachokijua juu ya jambo hili kimo katika kitabu cha Kutoka, sura ya 18. Musa ameketi kuwaamulia watu, nao wamesimama mbele yake tangu asubuhi hadi jioni. Anafika mkwewe Yethro, kuhani wa Midiani, mtu wa taifa jingine. Anatazama siku nzima, kisha anamwambia Musa kwamba jambo hili si jema: atajichosha yeye na watu pia. Anamshauri achague watu wenye uwezo, wacha Mungu, wakweli, wanaochukia mapato ya udhalimu, awaweke juu ya elfu na mamia na hamsini na makumi, yale magumu tu ndiyo yamfikie. Msomaji aangalie mahali kisa hiki kilipokaa. Amri Kumi ziko sura ya 20. Kabla taifa halijapewa sheria mlimani, lilikwisha kupewa utaratibu wa kuamua, na aliyeutoa ni mgeni aliyekuja kuwatembelea kwa siku chache. Kwa mtu wa imani hii si bahati tu ya mpangilio wa sura. Musa alikuwa na ufunuo, alikuwa na fimbo, alikuwa amevuka bahari. Lakini kuona kwamba foleni ya wadai imekuwa ndefu mno kulihitaji macho ya mtu ambaye hakuwa amesimama ndani yake. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wafasiri wengi wa Kiislamu wamemtambua yule mzee wa Madyan, ambaye Nabii Musa alimkimbilia na kuoa kwake, kuwa ndiye Nabii Shuaibu. Si wote wanaokubaliana, lakini maana iliyomo ni nzito kwa mada yetu, kwa sababu ujumbe ambao Kurani inamnasibisha nao Shuaibu ni wa mizani: timizeni vipimo, msiwapunje watu vitu vyao. Mtu wa mizani ndiye aliyemlea mtu wa sheria. Na katika Surat An-Nisai, aya ya 135, waumini wanaagizwa kuisimamia haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zao, wazazi wao na jamaa zao. Agizo hilo lenyewe linakiri ugumu wake. Kama kusimamia haki dhidi ya jamaa kungekuwa kwepesi, pasingekuwa na haja ya kuwataja mmoja mmoja. Pwani yetu iliuelewa ugumu huo mapema, na njia mojawapo ya kuupunguza ilikuwa kuiacha elimu ya kuhukumu isafiri pamoja na mwenye nayo. Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861, Mshafii, alikuwa kadhi Zanzibar chini ya masultani wa Kiibadhi. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Unguja, alivuka bahari mwishoni mwa miaka ya 1960 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mipaka ya utawala ilikuwepo, lakini elimu ya mizani haikuzuiwa nayo.

Falsafa ya Ulaya nayo ililifikia jambo hili kwa njia yake. Mwaka 1759 Adam Smith, ambaye wengi wanamjua kwa mambo ya uchumi tu, alitoa kitabu juu ya maadili, akaeleza kwamba mtu hawezi kuziona tabia zake mwenyewe mpaka azitazame kama ambavyo mtazamaji asiyependelea angezitazama. Jamii ndiyo kioo cha nafsi. Miaka 250 baadaye, mwaka 2009, Amartya Sen aliichukua hoja hiyo akaipeleka mbele katika kitabu chake juu ya haki. Alitofautisha kutopendelea kwa aina mbili: kule kunakofungwa ndani ya watu wa kundi moja, ambako kila mmoja anasikilizwa lakini wote wana mazoea yale yale na upofu ule ule, na kule kunakofunguliwa kwa macho ya walio mbali. Bunge linaweza kuwa na aina ya kwanza kwa ukamilifu kabisa. Kila chama kinapewa dakika zake, kila mbunge anaitwa Mheshimiwa, na bado wote kwa pamoja wamezoea kosa moja kiasi kwamba hakuna anayeliona. Hasara ya namna hiyo haigunduliwi na upinzani, kwa sababu upinzani nao umekulia katika nyumba ile ile.

Sasa tuone ushirikiano wenyewe umekuwaje. Kinyume na watu wanavyodhani, makatibu waliwatangulia maspika. Mwaka 1932 Owen Clough, aliyekuwa katibu wa Seneti ya Afrika Kusini, alianzisha umoja wa makatibu wa mezani wa mabunge yaliyokuwa chini ya himaya ya Uingereza, na pamoja nao jarida la kukusanya maamuzi na migogoro ya kila nyumba, ili katibu wa mahali pamoja ajue wenzake wameamua nini penye utata unaofanana. Umoja huo ungali hai katika Jumuiya ya Madola, na jarida lake pia. Kando ya Umoja wa Mabunge Duniani, ulioanzishwa mwaka 1889, kipo chama cha makatibu wakuu wa mabunge kinachokutana mara mbili kwa mwaka. Maspika wa Jumuiya ya Madola walikuja baadaye: mwaka 1969, kwa wito wa Lucien Lamoureux, Spika wa Kanada, walikutana Ottawa, na tangu hapo wameendelea kukutana, mara nyingi kila baada ya miaka miwili. Januari 2024 walikuwa Kampala. Lengo la kwanza la mkutano wao ni kudumisha na kuhimiza haki na kutopendelea kwa wanaokalia kiti. Nalirudia lengo hilo kwa makusudi, maana ndilo kipimo ambacho wao wenyewe wamejipa.

Hapa Afrika Mashariki jambo limeandikwa hata katika mkataba. Ibara ya 65 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini mwaka 1999, inamtaka Katibu wa Bunge la Afrika Mashariki awapelekee makatibu wa mabunge ya nchi wanachama kumbukumbu za mijadala yake pamoja na miswada na sheria, ziwekwe mezani kule. Nao makatibu wa nchi wampelekee zao. Tuichukulie ibara hiyo kwa uzito wake wa kawaida. Bahasha inatoka Arusha kwenda Dodoma, Nairobi, Kampala, Kigali. Inapokewa, inagongwa muhuri, inawekwa mezani. Hakuna hotuba. Lakini kazi hiyo ya karani ndiyo inayofanya kusemwa kwa neno katika nyumba moja kuwe na shahidi katika nyumba nyingine. Naona ibara hii ina hekima kuliko tamko lolote la mkutano, kwa kuwa haimtegemei mtu kuwa na moyo mwema. Inategemea bahasha kufika.

Pingamizi la kwanza linasema kwamba huu wote ni urithi wa Uingereza: joho, siwa, kitabu cha Erskine May kilichotolewa London mwaka 1844, na makatibu wa Kiafrika wanaoendelea kuulizana mzungu fulani aliamuaje. Wanaosema hivi wana haki ya kusikilizwa. Nyerere mwenyewe aliandika juu ya wazee wanaozungumza mpaka wakubaliane, na Kwasi Wiredu wa Ghana alitetea maridhiano dhidi ya siasa ya vyama vinavyopigana. Lakini pingamizi hili linasahau jambo moja la historia. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, na mpaka mwaka 1953 aliyelisimamia ni Gavana mwenyewe. Mtawala ndiye aliyekuwa mwamuzi wa mjadala juu ya utawala wake. Huo ndio urithi halisi wa ukoloni: kiti na dola katika mikono ile ile. Spika aliyetengwa na mtawala alikuja mwishoni, miaka minane tu kabla ya uhuru, na kila hatua ya kumwimarisha imekuwa hatua ya kutoka katika urithi ule. Tena kutopendelea penye mkutano hakukuvumbuliwa kwenye mto Thames. Waborana hukutana kila baada ya miaka minane katika mkutano wao mkuu wa Gumi Gayo kusini mwa Ethiopia, na Waborana wa Kenya huvuka mpaka kuuhudhuria. Una kanuni zake za nani aseme lini, na una nguvu ya kumsahihisha kiongozi. Hao walikuwa na mkutano unaovuka mpaka kabla mpaka wenyewe haujachorwa.

Wala elimu haitoki upande mmoja siku zote. Aprili 2009 Spika Kenneth Marende wa Kenya aliletewa mgogoro usio na jibu katika kitabu chochote cha London. Serikali ya mseto ilikuwa na wakuu wawili; Rais alimtaja Makamu wa Rais kuwa kiongozi wa shughuli za serikali bungeni, Waziri Mkuu akajitaja yeye. Marende alikataa kuchagua kati yao. Akaamua kwamba mpaka wakubwa hao wapatane, yeye mwenyewe angeongoza kwa muda kamati ya shughuli za Bunge ili kazi isisimame. Nchi ilikuwa imetoka kumwaga damu mwaka mmoja tu kabla, na watu waliisubiri siku ile kwa hofu. Uamuzi ule unaweza kujadiliwa: spika anayejiongezea kazi, hata ya muda, anajisogeza karibu na uwanja. Lakini ni uamuzi wa Nairobi ambao bunge lolote litakalojikuta na serikali ya vichwa viwili litapaswa kuusoma. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya kwanza, Musa anasimulia upya jinsi waamuzi walivyochaguliwa, na safari hii hamtaji mkwewe kabisa. Mataifa huyasahau majina ya waliowafundisha, na pengine si vibaya; utaratibu ukishaota mizizi, ni wa waliouotesha.

Pingamizi la pili ni la mamlaka. Kila bunge ni bwana wa shughuli zake. Hii ni kanuni ya zamani na ni nzuri, kwani iliwekwa kumzuia mfalme asiingize mkono. Je, makatibu wa nchi nyingine wakianza kusema yetu yamekaaje, hatujafungua dirisha tuliloliziba kwa taabu? Hapa namrudia Yethro. Alipomaliza ushauri wake alisema wazi kwamba Musa ayafanye hayo ikiwa Mungu atamwagiza hivyo. Alishauri, hakuamrisha. Na sura inamalizia kwa mstari mfupi: Musa akamruhusu, naye akaenda zake, nchi yake. Hakubaki kusimamia. Anayetoa ushauri kisha akarudi kwao hakunyang'anyi mamlaka. Anakupa nafasi ya kuyatumia ukiwa umeona zaidi. Katiba ya Tanzania inasema Katibu wa Bunge atateuliwa na Rais kutoka miongoni mwa wenye madaraka ya juu katika utumishi wa serikali. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema Karani wa Bunge, ndivyo wanavyomwita kule, atateuliwa na Tume ya Huduma za Bunge kwa idhini ya nyumba husika. Hakuna anayeilazimisha Dodoma ifuate Nairobi. Lakini Mtanzania ambaye hajui kwamba jirani amefanya vingine anadhani utaratibu wake ni kama mvua na jua, kitu kilichopo tu. Akijua, utaratibu huo unakuwa uamuzi, na wenye uamuzi wanaweza kuulizwa sababu. Kwa maoni yangu katibu anayemnong'oneza Spika juu ya mipaka ya serikali hapaswi kuwa ameteuliwa na mkuu wa serikali. Na nafikia maoni hayo kwa sababu upo mfano wa jirani wa kuyapima.

Limebaki pingamizi la tatu, nalo ndilo gumu. Linasema: wakubwa hawaambiani ukweli. Wakikutana watapongezana, watasifu wenyeji, watatoa tamko lisilo na jina la mtu, na spika aliyewanyamazisha wapinzani kwao atarudi na picha inayomwonyesha katikati ya wenzake waadilifu. Macho ya nje yanakuwa pazia. Pingamizi hili halijibiwi kwa kulikana, kwa kuwa ni kweli linatokea. Tulipime basi kwa kisa halisi.

Oktoba 1975, bungeni Nairobi, mbunge Martin Shikuku alidai kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama walivyokiua chama cha KANU. Wakasimama wa upande wa serikali wakitaka athibitishe. Aliyekuwa kitini ni Naibu Spika, Jean-Marie Seroney, naye akaamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Tarehe 15 mwezi huo polisi waliingia katika eneo la Bunge, wakawakamata wote wawili. Waliwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani, na hawakutoka mpaka Desemba 1978, Jomo Kenyatta akiwa amekwisha kufariki na Daniel arap Moi akiwa Rais. Mkutano wa maspika wa Jumuiya ya Madola ulikuwa na umri wa miaka sita wakati huo. Kilichomfungulia Seroney mlango hakikuwa mkutano wowote, yalikuwa mabadiliko ya utawala nyumbani.

Na hapa lazima niseme jambo lisilopendeza masikioni mwa sisi tunaomheshimu mtu huyu. Kwa kanuni za kawaida, mbunge anayetoa tuhuma akitakiwa athibitishe, anathibitisha au anaifuta. Kiti hakimthibitishii. Katibu mzuri aliyeketi mezani siku ile angeweza kumnong'oneza Naibu Spika kwamba uamuzi wake ulikuwa na kasoro, kwa sababu ulimwondolea mbunge mmoja mzigo ambao wengine hubebeshwa. Pamoja na hayo, kumweka mtu kizuizini miaka mitatu kwa uamuzi alioutoa kitini ni dhuluma isiyo na utetezi, na si yeye peke yake aliyedhulumiwa: kila aliyekikalia kiti kile baada yake alijua kwamba uamuzi usiopendeza unaweza kumpeleka wapi. Mambo haya mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Nani angeyasema yote mawili? Nyumbani haikuwezekana. Wapo waliompenda, ambao kwao kutaja kasoro kungekuwa kumtupa mwenzao. Wapo waliomchukia, ambao kwao kasoro ilikuwa kisingizio. Na wapo waliokuwa na hofu. Ni wenzake wa kazi kutoka nje tu, waliojua kanuni na wasiokuwa na chochote cha kupoteza Nairobi, ambao wangeweza kumwambia umekosea hapa, na kuiambia serikali yake mmekosea zaidi sana, kwa sauti moja. Huyo ndiye mtazamaji wa Smith. Kisa cha Seroney kinaonyesha kwamba ushirikiano uliopo unaweza kushindwa, nami nakubali. Kinaonyesha pia kwamba hakuna kingine ambacho kingeweza kuijaza nafasi ile.

Mwaka uliofuata, 1976, Umoja wa Mabunge Duniani ulianzisha kamati ya haki za binadamu za wabunge. Kamati hiyo haina funguo za gereza lolote. Inachofanya ni kuuliza kwa jina: mbunge fulani yuko wapi, ameshitakiwa kwa lipi, amemwona wakili lini, kisha kuyatangaza majibu, au ukimya uliokuja mahali pa majibu. Ni kazi ya uvumilivu, ya faili na barua, karibu na kazi ya makatibu kuliko ya maspika. Bunge la Afrika Mashariki nalo lilimwondoa Spika wake, Margaret Zziwa, Desemba 2014, na baadaye ni Mahakama ya Afrika Mashariki, yenye majaji wa nchi mbalimbali, iliyosema kwamba namna alivyoondolewa ilikiuka Mkataba. Kiti hakurudishiwa. Lakini kosa lilipewa jina lake na watu ambao hawakuwa wamepiga kura ile, na jina hilo limebaki katika kumbukumbu kwa spika ajaye na watakaotaka kumwondoa.

Kwa hiyo jibu langu kwa pingamizi la tatu ni kwamba tatizo lake ni ukaribu. Watu wakijuana mno, jicho la nje linakuwa jicho la ndani. Maspika wanaokutana kila mara kwenye hoteli zile zile wanakuwa kundi, na kundi lina upofu wake kama bunge lilivyo na upofu wake. Ndiyo maana nawategemea zaidi makatibu. Katibu hana kura ya kuomba, hana jimbo, na kazi yake imemzoeza kuweka mbele ya mkubwa karatasi isiyompendeza. Uamuzi ukiandikwa Dodoma ukijulikana kwamba utasomwa wiki ijayo na katibu wa Nairobi asiye na chama ndani yake, huandikwa tofauti: unataja kanuni, unataja uamuzi uliotangulia, unatoa sababu. Na sisi tuna neema ambayo wengine hawana, kwani mengi ya haya yanaweza kusomwa pande zote bila mkalimani. Taarifa Rasmi ya Tanzania ni ya Kiswahili, na Kenya imezitafsiri Kanuni zake za Kudumu katika lugha hiyo hiyo, hata kama mmoja anasema katibu na mwingine karani.

Kuhusu gharama sitasema mengi. Posho za safari zikiwa kubwa kuliko kazi iliyofanyika, zikatwe. Bahasha ya Ibara ya 65 haihitaji hoteli.

Ninachokitaka kutoka kwa mikutano hii ni kitu kimoja kinachowezekana. Siku ya kwanza, kabla ya hotuba ya mwenyeji na kabla ya chakula, katibu mmoja asimame asome majina: nani kati ya waliokalia kiti, au kuketi mezani, ameondolewa, amefungwa au ametishwa tangu mkutano uliopita, na kando ya kila jina usomwe uamuzi uliomponza, neno kwa neno, na maoni ya makatibu wenzake kama ulifuata kanuni au haukufuata. Waliohusika wawemo ukumbini wakisikiliza. Na kwa kuwa orodha haina budi kuanzia mahali, ningeomba mkutano ujao utakaofanyika Afrika Mashariki uanze na Jean-Marie Seroney, Naibu Spika, Oktoba 1975, pamoja na uamuzi wake wenye kasoro.